Inside Passage: msisubiri jua

Ndugu, umeuliza kama msubiri jua ndipo mwende kaskazini na mashua ya tanga kwa Inside Passage, njia ya bahari inayopita kati ya visiwa na bara, kutoka kisiwa cha Vancouver, Kanada, hadi Ketchikan, Alaska. Nimeipita njia hiyo tukiwa mabaharia wanne, na jibu langu ni hapana.

Kiangazi kule jua likitoka, upepo huvuma wa kaskazini-magharibi, yaani usoni kwenu. Mlango wa bahari wa Johnstone Strait ulitupa siku tatu za anga ya buluu, na zote tatu tulipiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, mpaka mikono ikavimba kwa kamba. Ya nne ikaanza mvua, upepo ukageuka kusini-mashariki, ukatushika nyuma, tezini, tukafungua tanga na kuteleza. Mvua ndiyo inayowapeleka kaskazini! Redio ikitangaza dhoruba bakini nangani, hilo halina mjadala, kwa sababu upepo ukipingana na mkondo mle mlangoni mawimbi husimama kama ukuta.

Mkondo ndio wa kuogopa. Kwenye mlango mwembamba wa Seymour Narrows maji hukimbia hadi maili 15 za baharini kwa saa. Mwamba wa Ripple Rock uliokuwa ukipasua vyombo hapo ulilipuliwa mwaka 1958, lakini maji ni yale yale. Piteni yanaposimama tu, na saa hiyo itafuteni kwenye jedwali la mikondo. Msiikisie kwa kutazama maji kujaa na kupwa ufukweni, haziendi pamoja.

Halafu magogo. Bamvua, yale maji makubwa ya kujaa, huyainua yale yaliyolala pwani na kuyatawanya njiani. Asubuhi moja niliona kichwa cha sili mbele ya omo, nikasubiri azame. Hakuzama. Lilikuwa gogo limesimama wima, ncha tu iko juu, likatupita ubavuni karibu niliguse. Usiku msisafiri.

Kinachowachosha watu hasa ni unyevu wa ndani. Usiku wa tano niliinua godoro langu nikakuta chini yake maji ya kukamua, na hakuna dirisha lililovuja: ni pumzi zetu na mvuke wa sufuria uliogandia ubao baridi. Wekeni jiko la dizeli la kupasha joto, lenye bomba la kutoa moshi nje, na mlaze vibanzi vya mbao chini ya magodoro hewa ipite. Hilo lifanyeni kabla hamjanunua tanga jipya.

Kwenye rasi ya Cape Caution mtakuwa wazi kwa bahari kuu, kwa hiyo ondokeni alfajiri kabla upepo haujaamka. Mnyororo wa nanga uwe mrefu: mahori yana kina, na kuelekea bandari ya Prince Rupert maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 7.

Kwenye mlango wa maji wa Princess Royal Channel ombeni mvua. Tulipita imenyesha usiku kucha, na kila ufa wa mlima ulikuwa ukimwaga maporomoko meupe moja kwa moja baharini. Nahodha alizima injini, tukaacha mashua ielee tukisikiliza.