Kebini ya pikapu ya zamani iliyoliwa na kutu: anza ndani, malizia nje

Kutu unayoiona kwenye pembe ya chini ya kebini, nyuma ya mlango, imetokea ndani. Rangi ikishatoa malengelenge pale, bati la ndani lilikwisha oza siku nyingi. Ukiyasugua, ukapaka puti na rangi, yatarudi, kwa sababu hujagusa chanzo. Kebini ya pikapu ya zamani ni visanduku vya bati vilivyoshikanishwa kwa nukta za kuchomelea, na pale bati linapolalia bati jingine mara nyingi hakuna rangi kabisa. Maji yakiingia katikati hapo hayapati pa kutokea. Ndiyo maana ukarabati wote unaoelezwa hapa unakwenda kwa mpangilio mmoja: kwanza mahali maji yanapoingia, kisha mifupa ya ndani, kisha sakafu, na ngozi ya nje mwisho.

Maji huingia juu na kutu hula chini. Yanapita kwenye raba iliyokauka ya kioo cha mbele, kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo hicho, na kwenye raba za vioo vya milango. Yanashuka ndani ya nguzo za milango hadi kwenye kizingiti, na huko matundu ya kutolea maji yameshazibwa na matope na majani. Kwa hiyo kabla hujang'oa chochote, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira akianzia chini na kupanda taratibu, dakika mbili tatu kila mahali. Ukianza kumwagia paa, maji yatateremka kila upande na hutajua yameingilia wapi. Kila panapovuja paandikwe.

Baada ya hapo toa kiti, mkeka, sponji na karatasi za lami zilizo sakafuni. Lami hubanduka kirahisi ukiipasha moto kidogo kwa hita ya mkono na kuikwangua. Sasa gonga kwa nyundo ndogo, chokonoa kwa bisibisi kuukuu. Bati zima hutoa sauti kali, bovu hutoa sauti butu au bisibisi huzama. Pita na sumaku vilevile: isiposhika, pana puti nene au faiba ya mtu aliyetangulia. Usisahau chini ya nguzo za bawaba, mauntingi za kebini (vishikizo vinavyoifunga kwenye chesisi), mfereji wa paa na ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Huo wa mwisho hauonekani mpaka raba itoke, na watu wengi huugundua wakati kazi nyingine zote zimekwisha. Toa kioo mapema. Tena cheche za grainda zikikipata kioo huzama ndani yake, na alama zake hazifutiki.

Kama sakafu, vizingiti na pembe ndivyo vilivyooza, kazi inafanyika nyumbani. Kama mfereji wa paa na ukingo wa kioo navyo vimekwisha, ni afadhali kutafuta kebini nyingine. Sakafu na vizingiti vina mikunjo michache, na kwa pikapu zilizouzwa kwa wingi vipande vyake hupatikana vimeshakunjwa. Ukingo wa kioo una mpindo kila upande, na ukikosea milimita chache tu kioo hakikai.

Mambo ya hatari yashughulikiwe kabla ya cheche ya kwanza. Pikapu nyingi za zamani zina tangi la petroli ndani ya kebini, nyuma ya kiti; Chevrolet zilikuwa nalo hapo hadi za mwaka 1972. Litolewe na lipelekwe mbali, pamoja na mipira yake, na mdomo wa bomba la mafuta uzibwe. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Chomoa betri na alteneta. Rangi za zamani huwa na risasi, madini yenye sumu, na viwanda vingine vilijaza mishono ya bodi kwa risasi badala ya puti. Ukikuta madini laini ya kijivu kwenye mshono, usiyasage kwa grainda: yayeyushe taratibu kwa moto mdogo mahali penye hewa, ukiwa na barakoa inayofaa. Usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki kisha ukalichomelea. Dawa hizo zikiwa na klorini, mwanga wa kuchomelea huzigeuza kuwa gesi yenye sumu kali inayoweza kuua. Tumia asetoni, na usubiri ikauke kabisa. Kizimamoto kiwe karibu, na ukimaliza kuchomelea usiondoke kwa saa nzima, maana lami na sponji zilizobaki huwaka polepole bila kuonekana.

Kufunga mbavu kabla ya kukata

Hapa ndipo kebini nyingi huharibiwa. Kizingiti ndicho kinachozuia uwazi wa mlango usitanuke wala kujibana. Ukikikata bila kuweka mbavu, yaani mabomba ya muda ya kuishikilia kebini, nguzo husogea kidogo tu, wala macho hayaoni. Utachomelea kipya vizuri kabisa, kisha mlango ukatae kufunga.

Anza na bawaba. Pini zilizolika hufanya mlango ulegee upande wa kitasa, na ukipima pengo kwa mlango uliolegea utaipindisha kebini ili ilingane na kosa hilo. Badilisha pini kwanza, funga mlango, rekebisha hadi pengo lilingane pande zote. Milimita 5 hivi inatosha, ila kulingana kuna maana zaidi kuliko tarakimu yenyewe. Kisha chukua bomba la mraba la milimita 25, unene wa milimita 1.5 au 2. Chomelea moja la kulala kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, la pili la mshazari, na la tatu likavuke kebini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Yashikize kwenye uso wa ndani wa nguzo, ili mlango uendelee kufunguka na kufungwa mbavu zikiwa mahali pake. Utauhitaji mlango huo kila hatua, kwa sababu ndio kipimo chako. Pima mishazari ya uwazi wa mlango na uandike vipimo juu ya bati lenyewe.

Kebini ibaki imefungwa kwenye chesisi, na chesisi ikae sawa juu ya stendi nne. Kama mauntingi zimeoza, inua kwa jeki na gogo bapa la mbao mpaka vipimo virudi, kisha ndipo ukate. Fanya upande mmoja hadi uishe. Kamwe usikate vizingiti viwili kwa pamoja.

Bati na mpangilio wa kukata

Pima unene kwa kalipa mahali pazima palipotolewa rangi. Sehemu kubwa ya kebini za zamani iko kati ya milimita 0.9 na 1.2. Kiraka kiwe na unene huohuo. Ukiweka kinene, bati la zamani pembeni yake litayeyuka kabla kiraka hakijapata moto wa kutosha. Epuka bati lenye zinki: mvuke wake ukiuvuta huleta homa na kutetemeka, na mshono wenyewe hujaa vitundu.

Mpangilio ni huu: mauntingi, kizingiti cha ndani, sakafu, kizingiti cha nje, pembe. Kila kipande kinalala juu ya kilichotangulia, kwa hiyo ukiruka hatua utakata tena kile ulichokwisha kuchomelea. Nukta za kiwandani zitafute kwa brashi ya waya. Zinaonekana kama vishimo vidogo vya mviringo. Zikate kwa kekee maalumu ya nukta, ya milimita 8, na usimame bati la juu likishaachia. La chini unalihitaji likiwa zima.

Kata kwa diski ya milimita 1. Nenda hadi kwenye bati lenye unene kamili, sentimita 2 au 3 kupita alama ya mwisho ya kutu. Bati lililolika nusu halishiki moto, hutoboka tu, na kila ukijaribu kuziba tundu linazidi kutanuka. Pembe za kiraka zizungushwe, zisiwe kali. Pale kwenye pembe ya kebini, hata kama umenunua kipande kirefu kinachofika karibu na dirisha, tumia sehemu ya chini tu unayoihitaji, na mshono upite karibu na mkunjo au mpindo. Mshono ukipita katikati ya eneo bapa, bati litajikunja na kuvimba, na kulinyoosha ni kazi kubwa kuliko kiraka chenyewe.

Kwenye ngozi ya nje kingo za kiraka na za bati zikutane ncha kwa ncha, na uwazi wa kati ya nusu milimita na milimita 1. Kulaza kiraka juu ya bati ni rahisi zaidi, lakini unatengeneza mfuko mwingine wa maji kama ule uliokuletea kazi hii. Sakafuni unaweza kulaza kidogo, mradi pande zote mbili zizibwe kwa silanti (gundi ya kuzibia mishono) baadaye. Kwenye ngozi ya nje, hapana.

Kuchomelea bila kupindisha

Mashine ya fimbo haifai kwa bati la milimita 1. Moto wake ni mkali mno. Inayofaa ni ya MIG, inayosukuma waya yenyewe huku ikipuliza gesi: waya wa milimita 0.6, gesi ya agoni iliyochanganywa na asilimia 20 hadi 25 ya kaboni dayoksaidi, mtiririko wa lita 10 hadi 12 kwa dakika. Upepo ukivuma, gesi hutawanyika na mshono unakuwa kama sifongo. Waya usiotumia gesi unaweza kuutumia sakafuni, ila una moto zaidi na uchafu mwingi. Jaribu kwanza kwenye vipande vya bati lilelile mpaka upande wa nyuma uonyeshe kwamba nukta imepenya.

Shika kiraka kwa vaisi gripi (koleo zinazojifunga) na uweke nukta kila sentimita 5. Kisha weka nukta katikati ya kila mbili, ukihama: moja huku, inayofuata upande wa pili wa kiraka. Kila nukta ni kama sekunde moja. Weka kiganja karibu na mshono. Ukishindwa kukiacha hapo, acha bati lipoe lenyewe, na usilimwagie maji. Mshono mzima hukamilika kwa nukta zilizopandana, kamwe si kwa kuvuta mstari mmoja. Uwazi ukiwa mpana, bana kipande cha shaba nyuma yake: chuma kilichoyeyuka hakiishiki shaba, na shaba inavuta joto.

Chuma cha mshono kikipoa hunywea na kuvuta bati. Dawa yake ni kushika kipande cha chuma kizito nyuma na kugonga mshono wenyewe kwa nyundo bapa, taratibu, ili utanuke tena. Fanya hivyo kila baada ya nukta chache, usingoje mwisho. Mahali mkono haufiki nyuma, punguza kasi mara mbili. Grainda nayo hupasha moto: saga kilima cha mshono pekee, na ukiona bati linageuka bluu, umepitiliza.

Bati linapolalia jingine, kama kizingiti na sakafu, toboa la juu matundu ya milimita 8 kila sentimita 3 au 4, paka praima (rangi ya kwanza) ya zinki kati ya mabati hayo, kwangua praima iliyo ndani ya tundu, kisha anzia moto katikati ya tundu kwenye bati la chini na ujaze hadi ukingoni. Ukianzia ukingoni, la juu litayeyuka na la chini halitashika. Funga mlango na upime mshazari kabla ya kuyajaza yote.

Kufunika chuma

Vishimo vya kutu kwenye bati lililo imara vitibu kwa asidi ya fosforiki, suuza na ukaushe kabisa. Usiipeleke kwenye mishono iliyofungika, maana haitoki, na rangi itainuka baadaye. Siku hiyohiyo paka praima ya epoksi, matabaka mawili, ndani na nje. Puti iende juu ya epoksi, isizidi milimita 3, kwa sababu puti ya poliesta hunyonya maji na ikikaa juu ya chuma kitupu hupeleka unyevu moja kwa moja kwenye bati. Kigumishi chake ni asilimia 2 hivi ya uzito. Msasa namba 80, kisha 180. Mishono ya sakafu na kizingiti izibwe kwa silanti ya magari. Silikoni ya madirishani mara nyingi hutoa asidi inapokauka, na rangi haishiki juu yake. Rangi ya mwisho ya kuchanganya na kigumishi ina isosaneti, kemikali yenye sumu ambayo barakoa ya kawaida haizuii. Mpe kazi hiyo fundi mwenye chumba cha kupulizia rangi na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Moto wa kuchomelea umeunguza kila kilichopakwa ndani ya visanduku, kwa hiyo rangi ikishakauka puliza nta ya ndani, ile ya kuzuia kutu, kwa mpira mrefu wenye ncha ya kunyunyizia pande zote, kwenye vizingiti, nguzo, pembe na chini ya milango, mpaka itiririke kwenye matundu ya kutolea maji. Matundu hayo yawe ya milimita 8 hadi 10, mahali pa chini kabisa. Nta ikiacha kudondoka, yachokonoe kwa waya, kwa sababu huwa inayaziba. Baada ya kufunga kioo na raba mpya, acha sakafu bila mkeka, rudia jaribio la maji, na upitishe kiganja kwenye kila kona ya sakafu. Mkeka urudi kona zote zikiwa kavu, na sponji ya zamani inayonyonya maji isirudi kabisa.