Usitiki kila kisanduku cha Debian ukidhani utapunguza baadaye

Mkuu, subiri, usibonyeze Enter. Umeandika kwamba unasakinisha mfumo endeshi wa Debian 12 kwenye laptop ya RAM GB 4 iwe seva ya mafaili ya ofisi, na kwenye ukurasa wa kuchagua programu utatiki vyote, "nitapunguza nikishazoea". Huko kwenye kupunguza ndiko seva zinakofia.

Kisanduku kimoja pale si programu moja. Ukitiki GNOME (desktop, yaani kioo chenye madirisha) unaleta pakeji, kifurushi cha programu, iitwayo task-gnome-desktop. Yenyewe ni tupu, kazi yake ni kuvuta wenzake kwa mamia: LibreOffice, Firefox, michezo, na NetworkManager, inayoendesha mtandao, humo humo. Apt, chombo cha Debian cha kuweka na kutoa programu, inawaandika wote kuwa wamekuja kwa mgongo wa mwingine, hukuwaomba wewe. Sasa fuata wale walimu wa video: "purge desktop, kisha autoremove, mashine inakuwa nyepesi kama karatasi!" Purge inafuta pakeji, autoremove inafuta zilizokuja kwa mgongo wake: mwenyeji kaondoka, wageni wake wanafuata mlango, NetworkManager akiwemo. Ukiwasha upya, mtandao hakuna. Ukifungua /etc/network/interfaces unakuta lo (njia ya mashine kujiongelesha yenyewe) peke yake, maana kisakinishi kilishaikabidhi NetworkManager kazi yote. Na huwezi kuipakua tena bila mtandao! Kama ulikuwa unaiendesha kwa SSH (kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) kutoka nyumbani, panda daladala.

Walimu hao wanajaribia kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), ikiharibika wanafuta na kurekodi nyingine. Wewe una wahasibu wanangoja kuprinti. Na bando lililopakua hizo desktop zote hawatakurudishia, nani aliwahi kurudishiwa bando?

Kuongeza ni salama, kupunguza ni kamari. Kwa hiyo tiki viwili tu: "SSH server" na "standard system utilities". Ondoa tiki ya GNOME, na ondoa pia ya "Debian desktop environment" iliyo juu yake. Ukiiacha hiyo peke yake, GNOME inarudi kwa mlango wa nyuma kwa sababu ndiyo chaguo-msingi. Tiki inawekwa na kutolewa kwa spesi. Enter inakupeleka mbele moja kwa moja, na watu wengi hujikuta wameshapita.

Mashine ikishawaka: apt install samba kwa kugawana mafaili, na cups kwa printa. Siku ukitaka kioo chenye madirisha, apt install --no-install-recommends xfce4 xorg, usibebe mzigo mzima.

Kama umeshatiki na kusakinisha kila kitu, usiguse purge kabla ya apt-mark manual network-manager, inayoiandika kuwa uliiomba mwenyewe. Halafu apt -s autoremove: hiyo -s haifuti kitu, inaonyesha orodha tu. Isome yote. Ukiona openssh-server (ya SSH) au sudo (ya kupata mamlaka ya msimamizi) humo, zitie manual nazo.

Uliuliza na kugawa diski, nadhani. Hilo waachie wengine, mimi nikikuona umetoa tiki ya GNOME nalala.