Toyota Corolla DX (KE70) yenye injini ya 4K iliyolala: ufungue iliyopo, au utie injini nyingine ya Toyota, 5K au 4A?

Mkuu, umesema DX uliyoipata Kitengela bodi iko sawa, 4K haijawashwa miaka, na fundi amepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) akapata psi 125, 130, 128 na 95, akasema injini imekwisha nzima. Kabla hujatoa pesa ya 5K, rudi kwenye hizo namba.

Geji inasoma kulingana na hewa iliyoingia, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Injini ambayo Mombasa ingesoma 160 psi, hapa husoma 130 hivi ikiwa nzima kabisa. Silinda zako tatu hazina neno. Tatizo ni moja. Toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye ile ya 95, kisha upime tena. Ikipanda hadi 120, ringi zimechoka au zimeshikwa na kutu. Ikibaki palepale, valvu haikai vizuri kwenye siti yake. Gasketi iliyopasuka katikati ya silinda huwa inaangusha mbili zinazopakana, si moja. Na kwa gari lililolala, valvu yenye kutu ndiyo ya kwanza kushukiwa: shusha hedi, saga valvu, badilisha gasketi, basi. Hedi ya K ni ya alumini, kwa hiyo ipimwe unyoofu kabla ya kurudishwa, na bolti zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kuanzia katikati kwenda nje: 25, kisha 45, kisha 60 Nm. Ukikaza kwa mazoea ya mkono utarudi hapa kuuliza kwa nini maji yanaingia kwenye oili.

Sasa kama nia yako ni nguvu zaidi, 5K ndiyo njia ya busara. 4K ni cc 1,290 (bore, yaani upana wa silinda, mm 75; stroki, yaani mwendo wa pistoni, mm 73). 5K ni 1,486: stroki ni ileile, bore 80.5. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 15, na hewa ya Nairobi inakula takriban kiasi hichohicho. Yaani 5K hapa inakurudishia kile ambacho 4K hukitoa pwani. Anayekuahidi roketi anakuuzia kitu.

Tafuta 5K ya van ya Toyota LiteAce ya zamani. Usinunue bloku tupu. Ije na kabureta, manifoldi, distribyuta na flaiwili. Fungua kava la tapeti: ukikuta lami nyeusi, iache, endelea na safari yako. Angalia vile vizibo vya bati pembeni mwa bloku, kwa sababu injini iliyokuwa ikitiwa maji ya bomba bila kulanti (dawa ya radieta) hutoboka hapo, na kikitoboka kile cha nyuma gari likiwa tayari limefungwa, gia boksi inashuka tena. Tazama pia roka, ile mikono inayosukuma valvu. Zikiwa na skrubu na nati, tapeti ni za kurekebisha: injini ikiwa moto, 0.20 mm za kuingiza na 0.30 mm za kutoa. Zisipokuwa nazo, ni za haidroliki. Usichanganye kamshafti ya aina moja na tapeti za aina nyingine, hata zikiingia.

Kwenye kufunga, mauntini na gia boksi ya K havisumbui. Panaposumbua ni sampu, bakuli la oili chini ya injini. Weka ya LiteAce na ya DX kando kwa kando. Zikitofautiana umbo, hamisha ya DX pamoja na bomba lake la kunyonya oili. Watu hubadilisha sampu wakaacha bomba, likawa juu mno, na kwenye kona ya kwanza pampu inavuta hewa. Diski ya klachi ifuate meno ya gia boksi yako na upana wa flaiwili utakayotumia. Ile beringi ndogo ya mkiani mwa krenki weka mpya; ni ya bei ndogo na kuifikia baadaye ni kazi ya siku nzima.

4A kutoka kwenye Corolla ya kuvuta mbele? Inawezekana, lakini distribyuta iko mwisho wa hedi, na ukiigeuza injini ikae kwa urefu wa gari, distribyuta inagonga ukuta wa nyuma. Bado hujatafuta gia boksi, hujakata propela shafti, hujatengeneza mauntini. Kwa gari la kwanza achana nayo. 7K, injini nyingine ya familia ya K, nayo ina bloku yenye kimo kirefu zaidi, pima boneti kwanza.

Kabureta sasa. Hewa ikiwa nyepesi, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kwa karibu asilimia 8. Plagi nyeusi kavu ndiyo dalili. Jeti kuu (tundu la kupitisha petroli kwenye kabureta) iliyoandikwa 110 ijaribu 105, na taiming ya cheche iongeze digrii 2 au 3 juu ya ile ya kiwandani. Lakini weka zile jeti za zamani kwenye dashibodi. Ukishuka Mtito Andei kuelekea pwani, hewa inazidi kuwa nzito, petroli inapungua kwenye mchanganyiko, injini inaanza kugonga ukikanyaga mlimani, na hapo ndipo valvu huungua. Rudisha 110 na taiming ya kawaida kabla ya safari, si baada ya kusikia mlio. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali hedi ikatwe sana ili kuongeza kompresheni.

Thermostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) ya digrii 82 ibaki. Fundi akikwambia aitoe ili gari lisichemke, safisha radieta badala yake. Asubuhi za Julai injini isiyo nayo haipati joto, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi mpya zinaisha mapema.

Oili 20W-50, kama lita 3.5 pamoja na filta. Ukiweka kamshafti mpya, mara ya kwanza kuwasha usiiache injini kwenye sailensa (mzunguko wa chini): shikilia karibu mizunguko 2,000 kwa dakika (rpm), kwa muda wa dakika 20.

Risiti ya injini iwe na namba yake, kisha upeleke mabadiliko NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ili logbook isome 5K. Linganisha pia namba ya chesisi na logbook kabla hujalipa chochote Kitengela.