Kabla hujafungua lebo, jua kipande ulichokichukua ni cha nani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba yeye na wenzake wamekwisha kupata kompyuta, kinanda, MC wawili wenye pumzi na nembo iliyochorwa vizuri, na sasa wanataka kufungua lebo, yaani kampuni ndogo ya kutoa nyimbo, ya singeli, ule muziki wetu wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam. Swali lake lilikuwa moja tu, nalo ni wapi watapata mtaji. Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara, na naamini wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyo hiyo, kwa hiyo ninamjibu mbele yenu wote. Mtaji utakuja au hautakuja. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: siku wimbo wenu utakapopendwa nchi nzima, ni nani atakayebisha hodi akisema ndani yake kuna kipande mlichokikata kutoka wimbo wake?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Kabla ya kurudi Dar es Salaam niliishi London, nikawa nafanya kazi katika duka la santuri za mitumba, ambako kazi ya mgeni ni kufuta vumbi na kupanga santuri kwa alfabeti. Baadhi ya santuri za rave, yaani zile ngoma za usiku kucha katika maghala na mashamba, za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazikuwa na jina lolote. Karatasi ya katikati ilikuwa nyeupe, juu yake muhuri wa mpira uliogongwa kwa mkono, wino umetapakaa. Ukitaka kujua ni nani aliyeitoa, ulilazimika kuiinamisha kwenye mwanga wa taa na kusoma herufi zilizokwaruzwa kwenye ule mduara laini ambapo mistari ya sauti huishia. Katika kazi hiyo ndipo nilipokutana na lebo ya Shut Up and Dance, na tangu hapo sijaweza kuzungumza juu ya lebo ndogo bila kuitaja.

Walioianzisha walikuwa vijana wawili weusi wa Hackney, mashariki ya London, wanaojulikana kwa majina ya PJ na Smiley. Walikulia katika utamaduni wa kupiga muziki mitaani kwa masanduku makubwa ya spika, uliopelekwa Uingereza na watu wa Jamaica, na walikuwa na kikosi chao kilichoitwa Heatwave, pamoja na yule aliyekuja kujulikana kama DJ Hype. Walipenda hip hop, lakini waliifanya iende mbio zaidi kuliko ile ya Marekani: walikata kipande cha ngoma kutoka santuri ya mtu, wakakiharakisha, wakaweka besi nzito ya reggae chini yake, kisha wakachana juu yake. Kampuni za kurekodi hazikuwa na haja nao. Basi mwaka 1989 wakafungua lebo yao wenyewe, wakaipa jina lile lile la kundi lao, wakapiga chapa santuri na kuzizungusha wenyewe madukani.

Hapo kuna jambo ambalo mtu asiyewahi kuuza muziki mkononi hawezi kuliona. Kiwanda cha santuri hudai fedha kwanza. Msambazaji mkubwa huchukua mzigo leo na kukulipa baada ya miezi, akipenda. Mwenye duka dogo, ambaye wateja wake wameusikia wimbo usiku uliopita katika redio isiyo na leseni inayorushwa kutoka juu ya ghorofa, anaweza kukulipa taslimu mlangoni, na fedha hiyo ndiyo inayorudi kiwandani kupiga chapa santuri inayofuata. Sisi hatuna viwanda vya santuri, lakini vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, bodaboda na daladala vimetufanyia kazi hiyo hiyo ya redio za haramu za Hackney, na anayedharau njia hizo kwa sababu amefungua akaunti ya YouTube hajui biashara anayotaka kuiingia.

Walionunua santuri zao kwa wingi walikuwa vijana wa rave. PJ na Smiley wenyewe walisisitiza kwamba wao ni watu wa hip hop, na waliwasema wazi mapromota wa rave kwa viingilio vyao. Mojawapo ya nyimbo zao za mwanzo inaitwa £10 to Get In. Albamu yao ya mwaka 1990 iliitwa Dance Before the Police Come!, na mtu yeyote aliyewahi kuandaa kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha, Tandale au Manzese anaelewa jina hilo bila kufafanuliwa.

Lebo haikuwa ya watu wawili peke yao. Ilimtoa Nicolette, mwimbaji ambaye sauti yake haikufanana na ya mtu mwingine, na ikawatoa Ragga Twins, ambao licha ya jina lao ni ndugu wa kawaida, si mapacha, waliotoka katika kikosi cha reggae cha Unity. Albamu ya Ragga Twins ya mwaka 1991 iliitwa Reggae Owes Me Money: dai la deni lililochapwa juu ya jalada, kila mtu alisome. Nilipoishika kwa mara ya kwanza nilicheka. Sicheki tena. Kuna promota mmoja aliyewachukua vijana tunaowarekodi kwenda kutumbuiza nje ya nchi, akaturudishia picha nzuri na maelezo marefu juu ya gharama za viza, na hadi leo nikimwona katika sherehe za watu ananikumbatia kama ndugu. Mkataba haukuwepo kwa sababu yeye alisema sisi ni familia. Msikubali kuitwa familia na mtu mwenye kitabu cha risiti.

Sasa niseme kilichoiangusha Shut Up and Dance, maana hapo ndipo jibu la kijana wa Morogoro lilipo. Kwa miaka yao ya mwanzo walichukua vipande kutoka santuri za watu maarufu, na mambo yakaenda, kwa sababu wakubwa hawakuwa na habari na santuri zinazouzwa katika maduka ya pembeni. Mwezi Mei 1992 wakatoa Raving I'm Raving, wakimtumia mwimbaji Peter Bouncer. Wimbo ulifika nafasi ya 2 katika chati ya Uingereza, jambo ambalo lebo ya mtaani hailioni kila siku. Lakini wimbo huo ulijengwa juu ya Walking in Memphis wa Marc Cohn, Mmarekani, uliotoka mwaka mmoja tu kabla yake. Bouncer aliimba upya, maneno yakabadilishwa, mahadhi ya wimbo yakabaki yale yale. Wenye mali wakaja. Ikakubaliwa kwamba nakala nyingine zisipigwe chapa na mapato yaende kwenye hisani, na wimbo ukaporomoka kwa sababu madukani haukuwepo. Baadaye wakaandamwa pia na MCPS, chombo cha Uingereza kinachokusanya malipo ya watunzi, juu ya vipande vya kazi zao za nyuma, na mzigo huo ukaisimamisha lebo. Miaka ya baadaye walirudi tena kutoa santuri, lakini ule wakati wao ulikuwa umepita.

Tena hawakuwa peke yao. Mwezi Desemba 1991 mahakama ya New York ilikuwa imeamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kila mwanasheria wa kampuni kubwa alijua la kufanya. Zama za kuchukua na kunyamaza zilikuwa zinafungwa pande zote mbili za bahari.

Kwetu zinafungwa sasa. Singeli ilipokuwa inaishia mtaani, hakuna aliyeuliza ile fidla ya taarabu iliyoharakishwa ndani yake imetoka wapi. Lakini mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na tangu hapo muziki huu unapigwa katika matamasha ya Ulaya mbele ya watu wasiojua Mburahati iko wapi. Muziki ukisafiri, wenye vipande nao husikia.

Mimi hili nililisema mapema, na niliambiwa ni mwoga. MC wetu mmoja, mwenye kipaji kuliko wote niliowahi kuwarekodi, alikuja na biti iliyojengwa juu ya taarabu ya zamani. Biti ilikuwa moto. Nikakataa kuitoa kabla sijampata mwenyewe. Nilimtafuta mzee aliyeutia mahadhi wimbo ule, nikamkuta barazani kwake, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, kisha akauliza kwa nini fidla yake inalia kama mbu. Nikamweleza kasi ya singeli. Akasema hana kinyongo, ila anataka jina lake litajwe, apate fungu lake, na watoto wa marehemu aliyetunga mashairi wapate lao. Aliijua haki yake kuliko sisi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na aliyerekodi naye ana hakishiriki yake kando, yaani haki juu ya rekodi yenyewe. Kwa hiyo wale mnaodhani kwamba mkipiga upya kwa kinanda chenu mmekwisha kuwa huru, rudini mkasome habari ya Peter Bouncer hapo juu.

Wakati sisi tunaandika karatasi, MC akachoka kusubiri. Akahamia studio nyingine, wimbo ukatoka, daladala zote zikawa zinaupiga, na mtaani nikawa mfano wa mtu aliyeikalia riziki. Kisha ukaondolewa YouTube baada ya dai, na kazi aliyokuwa amepangiwa ikavunjwa. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia kwamba nilisema kweli. Nakiri kwamba jambo hilo bado linaniuma, na huenda ndiyo sababu naandika kwa ukali. Kilichobaki kwetu ni wimbo mwingine tulioutengeneza na mzee yule yule, safari hii akiwa studio mwenyewe, akibishana na prodyuza juu ya fidla. Haujatajirisha mtu, lakini kila senti yake inajulikana inakwenda wapi.

Basi andikeni. Andikeni kabla ya kurekodi, andikeni kabla ya kupakia, andikeni hata kama mnayeandikiana naye ni binamu yenu. Andikeni biti ni ya nani, mashairi ni ya nani, kipande kimetoka wapi, na kila mmoja anapata fungu gani. Kisha sajilini kazi COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, mapema, wakati bado haina jina, kwa sababu wimbo ukishapendwa kila mtu hukumbuka kwamba alikuwepo studio siku ile. Anayewaambia kwamba karatasi huua ubunifu, muulizeni mara ya mwisho alilipwa lini.

Anayetaka nakala ya karatasi yetu ya mgawanyo wa mapato aniandikie, nitamtumia bila malipo. Sharti langu ni moja: anitajie kwanza kipande kilichomo ndani ya wimbo wake ni cha nani. Kijana wa Morogoro nimekwisha kumuuliza, na bado nasubiri jibu.