Jibu: Foto ya lava katikati ya Goma ni ya lini?

Jambo dada. Unauliza kama ile foto ya lava ya volkano Nyiragongo katikati ya mji wa Goma, inayozungushwa WhatsApp kuwa ya Mei 2021, ni ya kweli, maana ukifungua maelezo ya faili unakuta tarehe ya jana.

Hiyo tarehe iache. Foto ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za kamera hufutwa. Unayoiona ni siku ilipoingia kwenye simu yako. Angalia kwanza mahali. Lava ya 22 Mei 2021 iliishia pembezoni, upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Ya 17 Januari 2002 ndiyo iliyokata mji mpaka ziwani. Kama mtaa ni wa katikati kweli, basi ni ya 2002.

Foto kama hiyo ilimfikia shangazi yangu usiku, akafunga godoro kwa kamba, akawaamsha watoto watoke. Inaniuma mpaka leo, ndiyo maana nakusihi usiisambaze bado. Mimi niliikuza mpaka kibao cha duka kikasomeka, nikakata kipande hicho tu na kukitafuta kwa Google Lens, inayotafuta mtandaoni kwa kutumia picha. Foto nzima haikuleta kitu, kibao kilileta. TinEye, tovuti nyingine ya kutafuta kwa picha, nayo inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi.

Aliyekutumia, mwombe faili la asili alitume kama hati, siyo kama foto. Akisema naye aliipata kwenye kikundi, hapo tarehe ya kamera imeshapotea. Baki na kibao.