Barua kwa mwanangu: kununua kila mwezi au kungoja bei ishuke

Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku nyumbani hatujambo, alhamdulillahi, na babako anakusalimu sana. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu, kwa sababu uliloniuliza linataka jibu refu kuliko tunavyoweza kuzungumza kwa simu. Umesema kwamba kila mwezi mshahara wako unakubakishia shilingi 12,000, kwamba umelipwa kiinua mgongo cha ule mkataba uliomalizika, na kwamba mwenzako wa kazini hapo Nairobi anakushauri uziache fedha zote benki mpaka soko la hisa lianguke, ndipo uingie. Unataka kujua kama umsikilize yeye, au ununue kwa kiasi kilekile kila mwezi pasipo kuiangalia bei.

Kwanza nikuombe uyatenganishe mambo mawili ambayo katika ujumbe wako umeyafunga pamoja. Fedha ya mshahara wa miezi ijayo bado hujaipata, na ile ya kiinua mgongo tayari iko mkononi mwako. Hukumu zake hazifanani. Naanza na ya mshahara, kwa kuwa jibu lake nina hakika nalo: nunua kila mwezi, kwa kiasi hichohicho, tarehe ileile, na uamuzi huo uufanye mara moja tu.

Chukua hesabu ndogo. Tuseme unatoa shilingi 12,000 kila mwezi, na hisa unayoinunua ina bei ya shilingi 20 mwezi wa kwanza, 15 mwezi wa pili, 10 mwezi wa tatu na 12 mwezi wa nne. Utapata hisa 600, kisha 800, kisha 1,200, kisha 1,000, jumla yake 3,600 kwa shilingi 48,000 ulizotoa, maana yake kila hisa imekugharimu shilingi 13 na senti 33. Ukiijumlisha ile bei ya miezi minne na kuigawanya kwa nne unapata shilingi 14 na senti 25. Tofauti hiyo imetokana na kiasi kutobadilika, kwani shilingi zilezile hununua hisa nyingi bei inapokuwa chini na chache inapokuwa juu. Lakini angalia vizuri, maana hapa wauzaji wengi wa mifuko ya uwekezaji hupita haraka: mwezi wa nne bei ni shilingi 12, na wewe umenunua kwa wastani wa 13 na senti 33, kwa hiyo siku hiyo bado uko kwenye hasara. Utaratibu huu unakupunguzia gharama ya wastani, faida haiahidi. Faida italetwa na kampuni zenyewe, kwa biashara zao kukua na kwa gawio, yaani sehemu ya faida, wanalokulipa.

Sasa huyo mwenzako anayengoja. Anayetaka kufaidika kwa kungoja analazimika kupatia mara mbili: atambue kwamba bei ya leo iko juu mno, kisha aitambue siku ya kurudi. Mara ya pili ndiyo inayowashinda watu. Huku bandarini tuliliona jambo hilo kwa dola, na hukuwapo nikuonyeshe kwa kidole. Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160, na waagizaji waliokuwa na makontena yao Kilindini walinunua kwa bei hiyo kwa kuwa walikuwa na deni la kulipa. Ila wapo pia waliozinunua bila ya kuzihitaji, wakiamini shilingi itazidi kuanguka, kwa sababu kila mtu alikuwa akilizungumzia deni la nje la dola bilioni 2 ambalo serikali ilitakiwa kulilipa mwezi Juni. Februari serikali ikakopa upya na kuanza kulinunua lile deni kabla ya wakati wake, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu na shilingi 130. Watu hao hawakuwa wajinga. Ni wafanyabiashara wanaokula na kulala na bei ya dola miaka nenda miaka rudi, na bado walinunua kileleni. Wewe unayerudi nyumbani saa mbili usiku na matatu imekuchosha, utayapatia vipi yaliyowashinda wao?

Au tazama mwaka 2020. Tarehe 13 Machi ilitangazwa kwamba Kenya imepata mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na siku hiyohiyo soko la Nairobi liliporomoka. Huko Marekani fahirisi, yaani kipimo cha bei kwa jumla, ya hisa kubwa 500 ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 34 kutoka tarehe 19 Februari hadi tarehe 23 Machi. Kesho yake, tarehe 24, ilipanda zaidi ya asilimia 9 kwa siku moja, na kufikia Agosti ilikuwa imerejea ilikokuwa. Siku hiyo ya 24 Machi hakukuwa na habari njema yoyote ya ugonjwa. Watu walikuwa wakifa, miji imefungwa. Aliyekuwa akingoja mambo yatulie ndipo anunue, alipoona yametulia bei ilikwisha kumpita. Siku za kupanda sana huwa jirani na siku za kuanguka sana, na anayekimbia zile mbaya kwa kawaida huzikosa na zile njema.

Jambo la tatu umelikuta nyumbani ungali mdogo. Unajua jinsi kina mama wa mtaa wetu wanavyocheza mchezo: kila mmoja anatoa kiasi kilichokubaliwa, tarehe iliyokubaliwa, na hakuna anayeruhusiwa kusema mwezi huu hali yangu haikunikalia vizuri, nitatoa mwezi ujao mara mbili. Kwa fedha hizo watu wamelipa karo na wamejenga vyumba Kisauni na Likoni, na wengi wao hawana kipato kinachofika nusu ya chako. Kinachowafikisha ni kwamba suala la kutoa au kutotoa halifunguliwi upya kila mwezi. Nawe ufanye vivyo hivyo kwa agizo la kudumu benki, fedha itoke siku moja baada ya mshahara kuingia, kabla haijapata shughuli nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu naogopa usije ukaondoka na imani kwamba ukinunua kila mwezi basi umeokoka. Utaratibu mzuri hauponyi kitu kibovu. Fahirisi ya hisa 20 ya soko la Nairobi ilipita 6,000 Januari 2007, na mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa karibu na 1,500. Ni kweli kwamba fahirisi hiyo huhesabu bei tu na gawio haliingii humo, kwa hiyo mwenye hisa hakuumia kiasi kile namba zinavyoonyesha; lakini miaka 16 ni umri wa mtoto kutoka kuzaliwa hadi kidato cha pili, na aliyekuwa akinunua kila mwezi katika kipindi hicho hakuona ule muujiza unaohubiriwa. Kuna waliokuwa wakilimbikiza hisa za kampuni ya sukari ya Mumias kila bei iliposhuka, wakisema sasa ni rahisi, mpaka kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2019 na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Kila shilingi yao ya mwezi iliwapa hisa nyingi zaidi za kitu kinachokufa.

Wala usidhani ni udhaifu wetu peke yetu. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika 38,915 siku ya mwisho ya biashara ya mwaka 1989, na haikuipita namba hiyo mpaka Februari 2024. Japani ina viwanda vinavyouza dunia nzima, na bado iliwachukua miaka 34. Tena kumbuka Safaricom, ambayo kila nyumba hapa ina hadithi yake. Mwaka 2008 hisa ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, watu wakapanga foleni, wengine wakakopa, na haukwisha mwaka kabla bei haijateremka chini ya hapo. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni ni ileile, yenye faida, inayolipa gawio. Aliyeitia mtaji wake wote siku moja, iwe 2008 au 2021, aliishi na bei ya siku hiyo. Aliyenunua kidogokidogo aliishi na wastani, na ule wastani ulimwezesha kulala.

Kwa hiyo ninachokushauri ni kwamba fedha yako ya mwezi usiipeleke kwenye kampuni moja, wala usiifungie kwenye soko la nchi moja ukiweza kuepuka. Tafuta mfuko wa pamoja, unaokusanya fedha za watu wengi, uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, unaomiliki kampuni nyingi, na ikiwezekana wenye sehemu yake nje ya Kenya. Usiniambie jina lake kabla hujaniambia ada yake. Dalali wa hisa pamoja na tozo za soko huweza kukaribia asilimia 2 kila unaponunua, na penye kiwango cha chini cha ada, manunuzi madogo huliwa zaidi: ada ya shilingi 100 kwenye manunuzi ya shilingi 1,000 ni asilimia 10 iliyokwenda kabla hujaanza. Ikiwa dalali wako ana sharti kama hilo, kusanya miezi mitatu ununue mara moja, kwa tarehe uliyoipanga tangu mwanzo. Zamani tulilazimika kununua kwa mafungu ya hisa 100. Tangu mwaka 2025 unaweza kununua hata moja, lakini urahisi huo usikusahaulishe ada.

Kuhusu riba sina haja ya kurefusha, unaujua msimamo wetu. Dhamana za serikali na mifuko ya soko la fedha inayoishi kwa riba tuwaachie wanaoiona halali. Uliza mfuko unaosimamiwa na bodi ya sharia, na uliza ni nani waliomo kwenye bodi hiyo. Nchi hii ilipata sukuk yake ya kwanza, yaani hati ya uwekezaji isiyo na riba, mwaka 2023, ya shilingi bilioni 3, kwa ajili ya ujenzi wa nyumba, na naomba Mwenyezi Mungu zije nyingine, kwa kuwa uchache wa njia ndio unaowafanya vijana wetu waache fedha zikae bure huku bei ya unga na kodi ya nyumba zikipanda.

Nimebakisha kiinua mgongo. Hapa itakushangaza kwamba sikwambii moja kwa moja ukigawanye. Mwaka 2012 kampuni ya Vanguard ya Marekani ililinganisha mtu anayewekeza fedha zake zote siku moja na yule anayezigawanya kwa miezi 12, kwa kutumia masoko ya Marekani, Uingereza na Australia, na yule wa siku moja alitangulia takriban mara mbili katika kila tatu. Sababu yake ni nyepesi: katika masoko hayo bei imepanda mara nyingi kuliko ilivyoshuka, na fedha inayongoja zamu yake haizai. Lakini ile mara moja katika kila tatu ndiyo inayowafanya watu wauze kwa hofu na kuapa hawatarudi, na mimi nakujua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukihesabu sarafu za kopo lako kila jioni. Hasara ya ghafla kwenye fedha ya miaka mitatu ya kazi itakukosesha usingizi.

Kwa hivyo, kabla ya yote, maliza lile deni la mkopo wa simu. Pili, weka kando matumizi ya miezi sita, mahali ambapo unaweza kuyachukua siku hiyohiyo, ili kodi ya nyumba isikulazimishe kuuza hisa bei ikiwa chini. Fedha ya harusi, kama ile nia yako bado ipo, nayo isiingie sokoni kabisa, maana inahitajika karibuni na hisa hazijui tarehe ya nikahi. Kitakachobaki kigawanye mafungu sita yaliyo sawa, uandike tarehe sita kwenye karatasi, na ununue katika tarehe hizo hata kama magazeti yanalia. Baada ya fungu la sita usiwe tena na fedha inayongoja. Mwaka mzima ni mrefu mno, na ukiipa nafasi hiyo fedha, mwenzako atakuja na habari mpya na wewe utaanza kungoja tena.

Huyo mwenzako usimvunjie heshima. Huenda akapatia safari moja, na siku hiyo atakuonyesha simu yake. Muulize tu alinunua lini mara ya mwisho, na fedha zake zimekaa benki tangu lini.

Nitumie zile karatasi za mfuko uliouchagua kabla hujatia saini, hasa ukurasa wa ada na ule unaoeleza masharti ya kutoa fedha. Babako anakwenda posta Jumatatu, lakini picha za simu zinanitosha, mradi maandishi yasomeke. Na uniambie pia mshahara wako huingia tarehe ngapi, ili tuipange tarehe ya agizo la benki pamoja.

Wassalaam,
Mama yako