Ukitoka Mwilini, Unaona kwa Jicho Gani?

Msomaji ameniandikia kwa masikitiko. Alitoka mwilini, yaani akiwa amelala alijihisi yuko nje ya mwili wake, akasimama katikati ya chumba chake, akaitazama saa ya ukutani: saa nane. Akageuka, akaitazama tena: saa kumi na moja. Anauliza amekosea wapi. Hajakosea popote. Kuona kwa huko ndivyo kulivyo, na anayekuahidi utaona kila kitu kama mchana kweupe anakupotosha.

Macho yako ya nyama yamefumba muda wote. Picha unayoiona ubongo unaichora kwa kumbukumbu na matarajio. Ndiyo maana chumba unakikuta kama ulivyokizoea, ila kitasa kiko upande usio wake, swichi haiwashi taa, na maandishi hubadilika kila ukiyarudia. Vikubwa hutulia, vidogo huteleza.

Hata kujihisi unaelea juu ya mwili wako kuna chimbuko lake. Mwaka 2002, mtafiti wa ubongo Olaf Blanke na wenzake huko Geneva, Uswisi, walipitisha umeme mdogo kwenye ubongo wa mama mmoja mwenye kifafa, upande wa kulia, juu kidogo nyuma ya sikio. Kwanza alihisi anazama kitandani. Umeme ulipoongezwa, akajiona kutoka juu, karibu na dari, lakini aliona miguu na kiwiliwili cha chini tu. Hapo ndipo ubongo unapounganisha habari za macho, za ngozi na za mizani iliyo ndani ya sikio. Zikipishana, nafsi haijui tena iko wapi.

Sasa kazi yenyewe ya kutoka. Lala kwa muda wa saa 5, amka, kaa macho dakika 20 hadi 30 bila kugusa simu, kisha rudi ulale chali. Ndoto hurefuka kuelekea alfajiri, na mlango uko hapo. Mwili utakufa ganzi, masikio yatavuma, pengine utahisi kitu kimekukalia kifuani. Ni lile jinamizi tunalolijua, na wengi hukurupuka hapo. Usipigane nalo: misuli imezimwa ili usitekeleze ndoto zako, ila pumzi inaendelea. Pumua taratibu, kisha bingirika upande kwa nia tu, pasipo kukaza msuli.

Mara nyingi utatokea gizani, na giza ndilo linaloharibia watu safari. Wanakodoa macho, kope za kweli zinafunguka, basi. Anza na mguso. Sugua viganja, papasa ukuta, fuata ukingo wa kitanda kwa vidole, na picha itakuja yenyewe. Ikija, usikazie kitu kimoja zaidi ya sekunde 2 au 3. Ikififia, rudi kwenye viganja. Mwili ulioko kitandani usiufikirie kabisa, maana utakuvuta.

Mwenye kifafa, au anayesikia sauti zisizo na mwenyewe, asijaribu haya.

Na ukitaka kujua kama unaona kweli au unakumbuka tu, chukua pakiti ya karata, toa jokeri, mwombe wa nyumbani achomoe karata moja bila kuitazama, aiweke juu ya kabati, uso juu, wewe ukiwa nje ya chumba. Kubahatisha kunakupa nafasi 1 kati ya 52. Rudia usiku 20, kila mara karata mpya. Andika ulichoona kabla ya kupanda kuchungulia, na ulipokosa uandike vilevile.